Tembo wa Rebeka na Sufuria Yangu

Jumatatu, 8 Septemba
Mwanangu Agatha kapiga simu kutoka Morogoro. Mume wake Luhaga ana gari, sasa hawajui walipeleke wapi. Eti mwisho wa wiki twende Mikumi kupiga kambi. Nikamuuliza kambi ndiyo nini. Kulala nje kwenye hema, na kulipia. Kulipia! Mimi ujana wangu wote nimelala dunguni nikilinda mahindi, tembo huku, nguruwe kule, na hakuna aliyenidai.

Nilikuwa nakataa. Mjukuu wangu Rebeka akanyang'anya simu. Yupo darasa la tatu, kichwa kigumu kama changu. Akasema hajawahi kumwona tembo, na bibi atakayemwonyesha tembo, huyo ndiye ambaye yeye Rebeka atakaa kwake likizo yote ya Desemba.

Bibi mwingine naye kaalikwa. Limi, mama yake Luhaga, wa Kimamba. Msukuma, ng'ombe wengi, maneno mengi zaidi. Desemba iliyopita mtoto alikuwa kwake. Akarudi ananiamkia Kisukuma!

Nakwenda. Na kambi nachagua mimi.

Jumanne, 9 Septemba
Luhaga katuma picha za kambi tatu kwenye simu ya jirani yangu Paulina. Limi kashachagua yake. Ina bwawa la kuogelea, hema zina vitanda, choo cha kukaa. Nikamwambia Agatha amfikishie kwamba anayetaka kitanda abaki na chake Kimamba. Majibu yakarudi upesi: mzazi mwenzangu asiogope, kuogelea si lazima, hata kuoga si lazima, wamemzoea.

Maneno hayo nimeyaweka.

Kambi ya pili iko kando ya barabara kuu. Huko Rebeka ataona malori. Ya tatu haina kitu, miti tu na lambo la maji. Hiyo nitaikagua mwenyewe. Picha haina harufu.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekwenda! Basi mpaka Mikumi, bodaboda mpaka kambini. Msimamizi anaitwa Herman, kijana wa adabu, shikamoo yake imenyooka. Kasema tembo huja jioni kunywa, ila hawezi kuahidi. Nani kamwomba ahadi? Nikazunguka lambo kutafuta kinyesi. Nikakipata. Nikakichokonoa kwa kijiti: kibichi, mbegu za ukwaju ndani. Herman akasema wageni wengi huanza kwa kuuliza intaneti. Nikamwambia mimi si wageni wengi.

Likabaki jambo moja. Luhaga ni mkwe wangu. Siwezi kulala mahali ninapomsikia akikoroma, wala yeye asinisikie, na mimi nakoroma. Hema ni kitambaa tu! Nikaagiza hema langu liwe mbali, peke yake, upande wa lambo. Herman akasema mama, huko ndiko tembo wanakopita. Nikamwambia nimesikia, ndiyo maana nimesema huko.

Alhamisi, 11 Septemba
Limi kashindwa! Luhaga kakubali kambi yangu. Kanikumbusha kupitia kwa mke wake kwamba Herman hataki chakula kwenye hema, wanyama wananusa. Sawa. Nimechuma maboga matatu. Boga bichi si chakula mpaka lipikwe. Na tembo hapiti boga, nawajua, walishanimalizia shamba zima. Nimeyafunga kwenye kanga, juu nikaweka blanketi. Herman hawezi kuahidi tembo. Mimi naweza.

Ijumaa, 12 Septemba
Tumefika. Luhaga kaniamkia kwa mbali, macho chini, inavyotakiwa. Kijana kafunzwa, ingawa aliyemfunza ni Limi. Mwenyewe Limi kaja na godoro. Godoro kambini! Akauliza furushi langu lina nini. Nikasema mto. Akasema mto wa mzazi mwenzangu una kikonyo.

Tembo hakuja. Sikutoa maboga, maana Limi alinifuata kila hatua kama ndama. Rebeka kasubiri mpaka kasinzia. Limi kamfunika huku akisema kule kwenye bwawa angalau mtoto angelowa.

Jumamosi, 13 Septemba
Leo nimefanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye shamba atanielewa.

Jioni Limi alimpeleka Rebeka kuoga. Nikapata nafasi. Nikayapanga maboga nyuma ya hema langu, nikainjika wali, nikakaa. Jirani na sisi kulikuwa na vijana kutoka Dar, wamekaa tangu mchana na kamera ndefu kama mchi.

Akaja. Dume! Anatembea taratibu kama mwenye mali. Moyo ukaniambia Desemba ni yako, Costancia. Nikafungua mdomo nimwite Rebeka.

Hapo akaokota boga. Boga langu! La bondeni kwangu, nililolimwagilia kwa ndoo kiangazi chote! Kalitia mdomoni zima, likapasuka, mbegu chini. Akanyoosha mkonga kwa la pili.

Wali nikaumwaga. Sufuria mkono huu, mwiko mkono huu. Nikagonga kama dunguni. Nikamwita mwizi, nikamtaja na mama yake. Akasimama, akatandaza masikio. Nikagonga zaidi. Akageuka! Akakimbia! Mimi, na magoti haya!

Nikangoja pongezi. Vijana wa Dar wameshika vichwa, isipokuwa mmoja aliyekuwa ananipiga picha. Herman anasema mama ungeuawa. Rebeka kaja mbio na povu la sabuni masikioni, akauona mkia ukiingia kichakani. Mkia tu.

Jumapili, 14 Septemba
Herman kakuta mbegu za maboga. Kaniomba kwa heshima kabisa nisirudi tena kambini kwake. Nikamwambia sikuwa na mpango huo, kwanza hata wali sikuula.

Hukumu ilitolewa ndani ya gari. Nikamuuliza Rebeka, ule mkia ulikuwa wa nani, wa mbuzi? Akafikiri. Akasema Bibi, mkia ni mwisho wa tembo, mimi nilitaka mwanzo. Limi akadakia kwamba kwao Kimamba inapita treni, ina mwanzo na mwisho, na haikimbii sufuria. Gari zima likacheka. Mkwe wangu naye! Akajifanya anakohoa.

Desemba ni Kimamba. Nimetazama dirishani mpaka kwangu Masanze, vumbi likaniingia machoni. Wakati nashuka Rebeka akanishika kanga, akaniuliza kwa kunong'ona kama kule dunguni tembo wote walikuwa wananikimbia mimi. Nikamwambia wote. Akatabasamu, na gari likaondoka naye.

Jumapili, 21 Septemba
Picha zangu zimefika kila simu. Zinatembea, nina sauti na kila kitu! Kanisani watu wamesimama kunisalimia, hata mchungaji kataka kujua nilimtajaje mama yake tembo. Limi na treni yake nani anamjua?

Nimeshagundua kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kambi. Tembo wa kulipia si wako. Kwa hiyo naanza upya, hapa hapa kwangu. Leo nimepanda maboga bondeni, safu ndefu, mpaka kwenye njia wanayopita tembo. Mpaka Desemba yatakuwa yameiva, harufu itafika Mikumi. Tembo akiingia tu napiga simu Kimamba, na Limi mwenyewe atamleta mtoto akiwa amenuna.

Paulina kauliza, je, tembo akianza kula?

Swali gani hilo! Ile sufuria ilibonyea, lakini nimeshanunua nyingine, kubwa zaidi. Akianza kula nitampigia simu Rebeka mara moja, nikishamaliza kumfukuza.