Koo la Binti wa Soli

Habari yenyewe ilisomwa na Karani, kwa sababu pale kijiweni ni yeye peke yake anayenunua gazeti. Wengine husoma ukurasa wa nyuma wakati yeye anasoma wa mbele. Waraka umetoka juu: kuanzia wiki hiyo kila mwanafunzi wa shule ya umma atasimama gwaride la asubuhi, mkono wa kulia kifuani, na kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ataipenda nchi, atawatii viongozi na atasema kweli siku zote za maisha yake. Asiyeapa arudishwe nyumbani.

Soli, fundi viatu, alikuwa akisikiliza huku amebana misumari midogo midomoni. Kijiwe ni chake: benchi moja refu mbele ya kibanda, na ng'ambo ya barabara uzio wa waya wa shule ya msingi. Wateja wa benchi hilo ni watatu, na hakuna hata mmoja anayeleta viatu. Karani alistaafu mahakamani. Dada Pindo ni mshonaji, cherehani yake ipo kibanda cha pili. Na Spika ni dalali wa nyumba. Aliitwa hivyo kwa kuwa mtu akitaka kusema pale ni mpaka yeye apumue.

Spika aliusifu waraka mpaka povu likamtoka. Alisema nchi imeharibika kwa sababu watu hawamwogopi Mungu wala serikali, na sasa dawa imepatikana, watoto waapishwe wangali wabichi. Dada Pindo akamuuliza kwa upole kama yeye angeweza kuapa hivyo hivyo kabla ya kumwonyesha mpangaji nyumba yenye maji saa zote, huku bomba lina miaka miwili halijatoa hata tone. Spika akasema ile ni biashara, haiingiliani na uzalendo. Dada Pindo akasema sawa, alitaka tu kujua kama mbinguni nako wametenganisha daftari la biashara na la uzalendo.

Walikuwa bado wanacheka pale Soli alipomwona binti yake akitoka langoni na begi mgongoni, saa nne asubuhi, wenzake wote wakiwa darasani. Alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Alivuka barabara akiangalia kushoto na kulia kama alivyofundishwa, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, ndipo akampa baba yake barua. Soli akatema misumari kiganjani, akasoma. Mwanafunzi amekaidi kuapa. Asirudi shuleni mpaka awe tayari. Na mtihani wa darasa la nne ulikuwa umebaki wiki mbili.

Ukweli ni kwamba mke wa Soli anasali kwenye kanisa dogo la watu wasiozidi sitini, na watu wale hawaapi. Si kwa Mungu, si kwa mama mzazi, si kwa chochote. Soli mwenyewe huonekana huko kwenye harusi na misiba tu. Yeye dini yake ilikuwa wimbo wa taifa: ukipigwa redioni, husimama wima hata kama ana kiatu cha mteja mkononi, mtaa mzima ukimshangaa. Sasa mtu kama huyo anaambiwa kwa maandishi kwamba amezaa mkaidi. Masikio yalimwaka moto.

Spika hakumwacha apoe. Alisema hivi ndivyo maadui wa nchi wanavyoanza, taratibu, na sketi ya shule. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akatoa ushauri: mtoto asimame, aweke mkono kifuani, achezeshe midomo tu kama samaki. Nani atajua?

Binti akamtazama. "Mjomba, si nitakuwa nimedanganya kwenye kiapo cha kusema kweli?"

Karani alikunja gazeti. Yeye alikuwa amewaapisha mashahidi miaka thelathini na moja, na alisema vitabu vitakatifu vya mahakama ile vilichakaa majalada kwa mikono ya waongo. Katika miaka yote hiyo alimwona mtu mmoja tu aliyekataa kuapa, mlinzi wa ghala. Hakimu alitaka kumweka ndani, kisha akamruhusu aseme bila kiapo. Mlinzi akasema usiku wa wizi alikuwa amelala fofofo. Akafukuzwa kazi. Mashahidi wengine wanane, walioapa vizuri kabisa, wote walikuwa macho.

Dada Pindo naye akamwomba Spika, mpenda kiapo, awasomee kile kiapo kwa kichwa. Spika akasimama, mkono kifuani, akaanza kwa sauti nzito ya kutisha. Kwenye viongozi akakwama. Akarudi nyuma, akaja kwa kasi, akapita pale, na kabla hajajizuia akamalizia kwamba pande zote mbili zimeusoma mkataba huu na kuuelewa.

Soli hakucheka. Siku ile ile alivua aproni, akaenda kwa Mwalimu Mkuu. Alimkuta mama wa watu amezungukwa na mafaili, macho mekundu. Mwalimu alimwambia wazi kwamba barua ile hakuiandika kwa moyo, ila mkaguzi anakuja Jumatatu na yeye amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wakakubaliana mtoto arudi, asimame mstari wa nyuma kabisa, asionekane. Nyumbani Soli alikusudia kumwamrisha binti yake aape yaishe. Alipomkuta anapiga pasi sare ya Jumatatu, alimwambia tu asimame wima.

Jumatatu saa mbili kijiwe kizima kilikuwa kimeshika uzio. Mkaguzi alikuja na suti na kipaza sauti chake mwenyewe. Shule ikaapa. Darasa la kwanza, kwa sauti kuliko wote, waliapa kuwatibu viongozi, na Dada Pindo akanong'ona kwamba hao ndio wameelewa hali halisi. Katikati ya kiapo simu ya mkaguzi iliita, mkono ukashuka kifuani ukaingia mfukoni, ukarudi.

Kisha akaanza kukagua mistari. Watoto walikuwa wakijikuna, wakikanyagana, wakivutana mashati. Mstari wa nyuma kabisa akakuta mmoja amesimama kama mshumaa. Akamshika bega, akampeleka mbele, akatangaza kwamba utulivu huu ndio uzalendo wenyewe, na sasa mwanafunzi huyu ataongoza shule nzima kurudia kiapo. Akampa kipaza sauti.

Soli alisikia waya ukimkata viganja.

"Shikamoo mheshimiwa," binti akasema, na sauti ikafika mpaka barabarani. "Mimi siapi. Nyumbani kwetu hatuapi. Lakini nchi naipenda, na nikisema kitu huwa ni kweli."

Hata darasa la kwanza wakaacha kujikuna. Mkaguzi akageuka polepole. Mwalimu Mkuu alikuwa bado na mkono kifuani, amesahau kuushusha.

"Mheshimiwa," akasema, "mtoto huyu ana ugonjwa wa koo. Daktari amemkataza kuapa."

Mkaguzi aliyekuwa amemsikia mtoto kwa spika mbili kubwa alifikiri kidogo. Akatazama saa. Alikuwa na shule tatu nyingine kabla ya chakula cha mchana.

"Unaambukiza?"

"Kidogo."

Akarudi nyuma hatua moja, akaandika kitu kwenye daftari, gwaride likavunjwa. Mtoto akaingia darasani na wenzake.

Kufika Ijumaa watoto kumi na mmoja walikuwa wanaumwa koo, na walimu wawili. Spika alikuwa akieleza kila mpita njia kwamba yeye tangu mwanzo alimtetea yule binti. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipovuka barabara, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akavua kiatu kilichong'oka kisigino na kumpa Soli. Soli alishukuru kwa kuchagua kisigino bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Binti alikuwa mapumziko. Alipomwona mwalimu wake akaja kumwamkia.

"Koo linaendeleaje?" mwalimu akauliza.

"Haliumi, mwalimu. Halijawahi kuuma."

"Basi usimwambie mtu."

Binti akafikiri. "Na wakiniuliza?"

Mwalimu Mkuu alitazama mguu wake uliobaki na soksi, akashusha pumzi.

"Wakikuuliza, waambie waje waniulize mimi," akasema. "Mimi nimeshaapa."