Hotuba ya Prezida wa Komisiyo juu ya Lupango Yenye Ilishuka Kilima

Shefu wetu wa kilima, mwenye tunamuheshimu hata akichelewa. Papa Pasteri na Papa Katekista, wenye leo mumekaa kwenye benchi moja bila kugombana. Mama Prezidante wa kwaya. Waheshimiwa wenye viti, na ninyi wapendwa wenye kukaa kwenye majani. Mama Nyiramana na Papa Evode, majirani wenye matata: mbele yenu nasimama mimi, Hakorimana, Prezida wa Komisiyo ya Mipaka na Amani ya Majirani, Koordinateri wa proje ya mawe ya mupaka, na tena, juu ya kukosa muntu mwingine mwenye uwezo, Sekretere wake. (Makofi ya watu watatu.)

Sitasema mingi. Sitiasiyo munaijua, lakini nitaieleza, juu kueleza njo kazi yangu. Mwezi wa ine mvua ilinyesha siku mbili, kilima ikateleza, na lupango, ule ua wa miti ya miyenzi, yenye kutenganisha shamba ya Mama Nyiramana, kule juu, na ya Papa Evode, huku chini, ikashuka hatua kumi na mbili bila kuanguka, na nyuma yake kipande ya shamba ikashuka pamoja na maharagi yake. Asubui Papa Evode anafungua mulango, anakuta maharagi ya jirani iko inamuangalia. Mama akasema udongo ni yake, aliilima, anaijua. Papa akajibu: udongo ikuwe ya Mama, lakini nafasi ni yake yeye. (Wamama: "Njo vile.")

Kuko watu wenye kusema kama hawa wawili walikuwa wamekwisha kusikilizana: Mama avune kwanza, kisha wasaidiane kurudisha lupango kule juu. Wapendwa, ile ilikuwa mapatano bila etidi ya kupima, bila dosye ya karatasi, bila kashe ya muhuri. Komisiyo ikaingia mbio. Tukapiga vijiti makumi mbili na ine kuzunguka pahali pa matata, tukatangaza kama ni zoni ya etidi, muntu hata mumoja asiingie, mpaka siku proje italeta mawe ya mupaka ya beton ya simenti, yenye namba.

Sasa wenye wivu wanasema kama vijiti tulivikata kwenye miyenzi, na kila mukulima anajua muyenzi ukiupanda hata kichwa chini unamea. Wanasema vijiti vya kupima vimetoa majani. Mimi ile naiita developema, maendeleo. Toka Sake mpaka Walikale, ni proje gani yenye vyombo vyake vinakomaa vyenyewe? Kwa vijiti makumi mbili na ine, makumi mbili na tatu vimemea, ni kusema asilimia tisini na sita, na juu ya kile kimoja chenye kilikauka, anketi ya kuchunguza inaendelea. (Kicheko. Mama mumoja anafunika mutoto juu ya jua.)

Mama Nyiramana, naona mukono yako. Sema kwa kifupi.

("Papa Prezida, maharagi imekauka. Maganda iko inapasuka, nasikia toka jikoni: ta, ta, ta. Wiki hii ikipita nitaokota nini? Watoto ni watano.")

Mama, kilio yako imeingia katika dosye. Maharagi kukauka pale pale inaonyesha kama zoni iliheshimiwa na watu wote na mbuzi wote, na juu ya kuku tutafanya mukutano ingine. Lakini musifikiri kung'oa vijiti. Desturi munaijua kunipita: muyenzi wa mupaka ukisha kutoa majani, haung'olewi, ila majirani wawili waushike pamoja, mikono ine kwenye muti umoja, mbele ya macho ya watu wote wa kilima. Na kilima yote mutaipata wapi siku ya kazi? Mimi mwenyewe, kuikusanya leo, nimezunguka na megafone wiki tatu. (Watu wanaangaliana.)

(Papa Evode anasimama, anapanguza suruali. "Dada Nyiramana, tuende. Wote wako hapa.")

Hotuba haijakwisha. Narudia, haijakwisha. (Watu wanageukia shamba, iko nyuma tu ya kanisa.) Mwenye kiti akae kwenye kiti. Sawa, naona wameshika kijiti ya kwanza. Naona imetoka. Sekretere ataandika kama Komisiyo ilitafuta mashahidi mia mbili kwa akili yake yenyewe. Naona ya tano. Naona wamama wanaingia na vitunga, na Shefu, mwenye alichelewa kwangu, kule hakuchelewa.

Basi, tupige mwito. Mupaka! (Kule wamama wameanza kuvuna.) Mupaka ni amani! (Mbuzi mumoja anajibu.)

Namaliza na kushukuru. Asanti Papa Katekista, mwenye amebaki, hata kama ni juu benchi ni yake. Asanti kwa parteneri, mufazili wetu wa Bweremana, mwenye atatoa mawe ya beton, parteneri mwenye bado sijamujua, juu barua ya kumuomba iko katika mufuko wangu hapa, nilikosa adresi. Asanti kwa membre wote wa Komisiyo, ni kusema mimi, na kwa kashe yetu, yenye nilichonga katika kiazi na sasa imeanza kunuka. Na Mama Nyiramana, ukikuta kama maharagi imezidi kidogo, Koordinateri alitoka nyumbani bila kula.

(Mama Nyiramana, toka shambani: "Kuja na kitunga yako, Papa, uvune na sisi. Na uvue viatu.")