Taarifa Rasmi Kuhusu Hemoglobini ya Awendo

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Awendo, wenye damu na wasio na damu, kwamba Idara ya Ulainishaji wa Maarifa imefanikiwa kuonyesha hadharani jinsi protini inavyofanya kazi mwilini. Maneno yanayosambaa sokoni kwamba wakubwa walikwama mlangoni ni ya kweli, lakini hayana muktadha. Muktadha ni huu.

Kazi ya idara yetu ni kuchukua sayansi ikiwa bado ngumu na kuilainisha mpaka isimguse mtu. Mimi, Okari, ni Naibu Mkurugenzi. Daktari Bochaberi, mtafiti wa protini kutoka Homa Bay, aliomba ukumbi awaeleze watu ugonjwa wa selimundu, ule unaowauma watoto viungo. Nikamwambia alete maelezo yake kwanza.

Aliandika hivi: "Hemoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe za damu. Imeundwa kama mnyororo wa shanga. Shanga moja tu ikibadilishwa, protini hizo zikishashusha oksijeni hushikamana. Chembe hupinda kama mundu, mishipa midogo huziba, na mtoto analia."

Nililainisha hivi: "Hemoglobini ni mdau anayepitia changamoto za mkao."

"Sasa mtu ataelewa nini hapo?" Daktari akauliza.

"Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Bwana Okari, kuna mama anaitwa Mellen. Msichana wake, Phanice, ana ugonjwa huu. Mama mkwe wake anasema ni chira, ati kuna mwiko ulivunjwa nyumbani, na Jumamosi analeta mtu wa kumchanja mtoto magoti kwa wembe. Kliniki hataki hata kuisikia. Nikisoma hayo maneno yako, huyo mtoto atachanjwa."

Nilimhakikishia kwamba idara inasimama na Phanice kwa hali na mali, isipokuwa mali.

Tukaafikiana aache maneno, afanye igizo. Wakata miwa kumi wangevaa fulana nyekundu wawe hemoglobini. Kila mmoja angechukua baluni jukwaani, ambako ndiko mapafuni, apite mlango mwembamba wa kando, ambao ni mshipa, aikabidhi nje kwa kina mama waliosimama kama misuli, kisha arudi kuchukua nyingine. Katika mpango huo nilibadilisha neno moja tu. Palipoandikwa "wakata miwa" niliandika "wakubwa". Oksijeni ya umma haiwezi kubebwa na mtu asiye na ofisi.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Mellen aliketi mbele, Phanice mapajani. Kando yake alikaa mama mkwe, Edinah, mikono kifuani.

"Karibu, dani," Daktari akamwambia, kama bibi wanavyoitwa huku.

"Nimekuja kuona mabaluni," Edinah akajibu. "Mtoto nitamtibu Jumamosi."

Kwenda kulikuwa safi. Mtu aliyekumbatia baluni hawezi kusalimiana na yeyote, kwa hivyo wakubwa walipita mmoja mmoja, hata mwenyekiti wetu, Bwana Osoro, aliyelazimika kupita kiubavu. Nje wakakabidhi baluni. Hapo mikono ikabaki mitupu, na mkono mtupu wa mkubwa hautulii. Osoro akaushika wa Mkurugenzi Omwenga. Omwenga akamshika mkubwa wa Barabara. Barabara akamshika wa Mifugo. Itifaki ikaanza kuzingatiwa. Walipofika mlangoni kurudi, walikuwa mlolongo mmoja.

"Tangulia, mheshimiwa."

"Tangulia wewe, mimi ni mtu wa watu."

"Nikutangulie niandikiwe barua ya onyo?"

Wakaingia wote pamoja. Mlango ukakataa. Bega la Mifugo likazama kwapani mwa Barabara, Omwenga akapinda kama mundu, na walio nyuma wakasukuma wasije wakaonekana wamechelewa. Jukwaani baluni zilikuwa tele. Nje kina mama wa misuli wakaanza kuita, "Zingine ziko wapi? Sisi tunakauka huku!"

Nilimpungia Daktari mkono alainishe hali. Yeye akawaonyesha watu mlango kwa kidole.

Edinah akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akawatazama wakubwa kwa muda.

"Hawa wakienda walipita vizuri."

"Ndiyo, dani," Daktari akasema.

"Wakishashusha mzigo ndio wanashikana."

"Ndiyo."

"Na hakuna mwiko wamevunja."

"Hakuna. Ni vile walitengenezwa."

Edinah akageuka, akayaangalia magoti ya Phanice. "Kwa hivyo huyu mtoto hana chira. Ana wakubwa mlangoni."

Ukumbi mzima ukacheka. Phanice alicheka kuliko wote.

"Wanatolewa na nini?" Edinah akauliza.

"Hawatoki kabisa, dani, lakini wanatulizwa. Maji mengi, dawa kila siku, na kliniki bila kungoja maumivu."

"Basi Jumamosi ni kliniki," Edinah akamwambia Mellen. "Na yule mtu wa wembe mwambie aje tu. Achanje hawa."

Wakubwa walitolewa baada ya fundi kung'oa fremu ya mlango. Ripoti yangu imeliita jambo hilo upanuzi wa miundombinu.

Imebaki kero moja. Siku hizi kina mama, kutoka hapa mpaka Homa Bay, wanampigia Daktari simu kumwambia, "Leo ana wakubwa kwa goti," naye anaelewa. Mwenyekiti ameniagiza niandike barua ya kupiga marufuku usemi huo. Niliiandika siku hiyo hiyo. Inahitaji sahihi kumi, na kila mkubwa anasubiri mwenzake atangulie.