Amri ya Kumnyamazisha Tobias

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari mbaya kabla ya chai. Mke wangu Benadetha karudi sokoni anaimba wimbo wangu, "Bwana Nishike Mkono". Nikafurahi. Kisha akasema kausikia kwenye simu ya muuza dagaa, umeimbwa na kwaya ya Mbamba Bay. Furaha ikaishia hapo.

Kwaya hiyo inafundishwa na Tobias Hyera. Mimi ndiye niliyemfundisha Tobias kusoma nota, hapa hapa Mbinga, miaka minne mizima. Sasa ana kwaya yake kule ziwani, na tarehe 24 atauimba wimbo huo kwenye tamasha, mbele ya askofu. Kwaya itakayoshinda inapata kinanda kipya, na mwalimu wake ataongoza kwaya zote kwenye jubilei ya Desemba. Nafasi hiyo nimeingoja miaka kumi na moja.

Nimeusikiliza mara sita. Wanaimba vizuri kuliko kwaya yangu. Hilo ndilo linalouma.

Jioni nimesoma makala kwenye simu kuhusu India. Kule kampuni za filamu zinakwenda mahakamani kabla filamu haijatoka, kuwazuia wanaoinakili. Zinapewa amri ya muda upande wa pili ukiwa bado haujasikilizwa. Hata dhidi ya watu wasiojulikana majina! Mimi Tobias namjua jina, ukoo na namba ya simu. Nina nafasi nzuri kuliko Wahindi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Wakili Scholastica Kapinga. Msichana mdogo, ofisi ndogo, macho makali. Akanieleza kwamba hata kwetu amri hiyo ipo, inaitwa zuio la muda. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai inafanana sana na ile ya India, ndiyo maana mawakili husoma hukumu za kule. Nikamwambia nimeshazisoma. Nilisoma makala moja, ila hakuuliza idadi.

Akasema lazima nionyeshe mambo matatu. Kwamba nina hoja ya kweli ya kusikilizwa. Kwamba nisipopewa zuio nitaumia kwa namna isiyofidika. Na kwamba nitaumia mimi zaidi nikinyimwa kuliko Tobias akizuiwa. La pili na la tatu niliyaeleza hadi machozi yakanilenga. Kwenye la kwanza akaweka kalamu chini, akaniuliza.

"Mwalimu, maneno ni yako?"

Nikasema ndiyo, yote.

"Na sauti, muziki wenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Hapa kwenye daftari langu naweza kuandika ukweli. Mwaka 2019 basi liliharibika Kitai nikienda Songea. Tulikaa saa tatu. Televisheni ya basi haikuharibika. Ilikuwa inaonyesha filamu ya zamani ya Kihindi, na ilipoisha ilianza upya. Ulipopita mara ya pili wimbo wa dada mmoja anayelia kando ya mto, nilikuwa na penseli mkononi. Lakini mwendo nimeupunguza mimi. Na pale mwisho nimeongeza "Amina".

Wakili akaniambia jambo moja zaidi. Kule India mtu akificha jambo ili apewe amri, amri hiyo hufutwa jambo likijulikana, na hapa pia hakimu hatamvumilia. Halafu akanisomea hati ya kiapo, neno kwa neno, polepole kuliko ilivyohitajika. Nikatia sahihi. Sahihi ikatoka imepinda. Ni kalamu yake mbovu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshinda! Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, kasoma maombi yetu ya dharura. Tobias hakuwepo, hakuitwa, hakujua. Kwaya ya Mbamba Bay imezuiwa kuuimba au kuusambaza wimbo hadi tarehe 21, pande zote mbili zitakaposikilizwa.

Nilitegemea aniangalie kwa huruma. Aliangalia ile hati ya kiapo, kisha akaniangalia mimi, kisha hati tena. Akasema anaiamini kwa sababu nimeapa.

Sijala mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Tarishi wa mahakama alikuwa anateremka Mbamba Bay kupeleka amri. Nikaomba kufuatana naye. Nilitaka kuona uso wa Tobias.

Tulimkuta nyumbani kwake karibu na ufukwe, chini ya bati, anawafundisha akina mama sauti ya pili huku kwaya nzima ikisubiri. Sare mpya zimeanikwa kwenye kamba, za bluu. Aliponiona aliacha kila kitu, akanisalimia shikamoo kwa mikono miwili, akanitafutia kiti. Akadhani nimekuja kuwasikiliza. Tarishi akampa karatasi. Akaisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani utafurahi. Kila tunapouimba natangaza kwanza kwamba mtunzi ni wewe."

Nikasema sheria ni sheria. Mama mmoja, Margareta, ambaye ndiye anayeanzisha wimbo, akauliza kama ni kweli hawaruhusiwi hata kuuimba wakiwa wanaanua dagaa. Tarishi akasema amri haijataja dagaa, lakini ni vizuri kuwa waangalifu. Kwaya ya watu ishirini na sita, kimya, na ziwa nyuma yao linasikika.

Mke wa Tobias akaleta ugali na samaki aina ya mbasa wa kukaanga. Nilikula. Karatasi ya mahakama ilikuwa mezani karibu na sahani, na Tobias akaisogeza ili isipate mafuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Tumeuimba wimbo misani, kwa nguvu, kwa kuwa sasa ni sisi tu wenye haki. Kanisa lilijaa.

Baada ya misa nilivuka barabara kwenda dukani kwa Ausi kununua sukari. Mama yake Ausi, Bi Kauthar, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake. Watu wa Kilwa hao, wako Mbinga tangu zamani. Alikuwa anaimba peke yake. Wimbo wangu. Kwa Kihindi.

Nikamwamkia shikamoo. Akaniambia nimemkumbusha usichana wake. Filamu ile aliiona Lindi mara tano, akatoroka nyumbani mara mbili kwa ajili yake. Akanipa jina la filamu, jina la mwimbaji, na sababu ya yule dada kulia kando ya mto. Akasema hakujua kama Wakatoliki nao wanaupenda.

Nikarudi nyumbani bila sukari. Benadetha akauliza nina nini. Nikasema malaria.

Jumapili, 17 Agosti

Sijalala siku mbili. Shauri linasikilizwa Alhamisi. Nimejaribu kubadilisha mwanzo wa wimbo ili usifanane. Waimbaji wakagoma. Nathanieli wa besi akasema mtunzi gani anazuia watu wasiimbe wimbo wake, halafu yeye mwenyewe anaukimbia. Wakacheka. Benadetha hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, akakunja daftari lake la nyimbo.

Jumanne, 19 Agosti

Wakili Scholastica kaniita. Kiapo kinzani cha Tobias kimefika. Nilikisoma nimesimama. Hakuna India. Hakuna filamu. Tobias ameapa kwamba wimbo ni wangu, maneno na sauti, kwamba yeye alifundishwa nami na ananiheshimu, na kwamba anaomba tu ruhusa ya kuuimba siku moja, tarehe 24, kwa sababu kwaya imefanya mazoezi tangu Pasaka.

Yaani ameapa kwa faida yangu! Ningekaa kimya, mambo yangekuwa yamekwisha.

Lakini Bi Kauthar bado yupo, na kiti chake kinatazama barabara ya mahakamani. Nikafikiri sana. Nikapata njia. Nitamtayarishia hati ndogo, aseme hajawahi kuusikia wimbo huo mahali popote. Akishatia sahihi, hata akiimba, hatoaminika. Nimeichapa kwenye duka la fotokopi lililo mbali na kwetu.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimpelekea Bi Kauthar hati asubuhi, pamoja na kilo mbili za kahawa nzuri ya kutoka Maguu. Nikamwambia ni karatasi ya kawaida ya kwaya. Akasema miwani yake imevunjika, nimwachie, Ausi atamsomea. Nikamwambia asijisumbue kuisoma. Akasema hasumbuki.

Saa tisa alasiri Wakili kanipigia, niende mara moja. Nilipoingia, hati yangu ilikuwa mezani kwake, na kahawa juu yake. Bi Kauthar alikuwa amekuja mwenyewe, amemshika Ausi mkono, kurudisha vyote viwili. Hakuja kwa ubaya; dukani kwao kila mtu anajua kesi yangu na wakili wangu. Alikuja kusema karatasi ya mwalimu imekosewa, isije ikamwaibisha mwalimu mahakamani. Kisha akamwimbia Wakili wimbo wote, beti tatu.

Wakili Scholastica hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kesho utamwambia hakimu ukweli kwa mdomo wako. Usipomwambia, mimi najitoa, na nitamwambia ni kwa nini."

Nikauliza kama hakuna njia ya katikati. Akafungua mlango.

Usiku huu Benadetha kaniuliza tena, na nimemwambia. Akasema kwamba mwaka 2019, nilipomwamsha nikamwambia wimbo umenijia njozini, alilia kwa furaha. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 21 Agosti

Tobias alikuja na Margareta na wengine wanne, wamevaa sare za bluu. Alipoitwa aliinama kidogo upande wangu kabla ya kumwinamia hakimu.

Wakili akasimama, akasema mteja wake ana jambo. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia sentensi kwamba sauti "inakaribiana kiasi" na kitu fulani cha nje. Hakimu akaniuliza swali moja tu.

"Sauti hii uliitunga wewe?"

Nilimwona Tobias ananiangalia. Alikuwa ananitakia mema, hilo lilionekana. Nikasema hapana, Mheshimiwa. Nikasema ni ya filamu ya Kihindi, niliinakili Kitai, kwenye basi.

Hakuna aliyecheka. Ningestahimili kicheko. Tobias alishusha macho, akawa anakunja karatasi zake vipande vidogo vidogo.

Hakimu akaifuta amri pale pale. Akasema mahakama ilimfunga mdomo mtu ambaye haikumsikiliza, kwa sababu tu iliniamini mimi. Gharama za kina Tobias ni juu yangu. Akasema kiapo cha uongo ni kosa la jinai, ameliandika jambo hilo kwenye jalada, na niombe Mungu asilazimike kulifungua tena. Wakili Scholastica akanishika kiwiko hadi nje, nadhani ili nisianguke, ingawa huenda alitaka niondoke upesi.

Nje Tobias akaja. Nilijua atanitukana. Akasema sasa hataweza kuuimba na yeye, maana wimbo una mwenyewe huko India na hajamwomba. Siku tatu zimebaki. Akaniuliza kama nina ushauri. Nikaangalia saa. Akasema shikamoo tena, kama kwaheri, akaondoka.

Jumapili, 24 Agosti

Tamasha, Mbamba Bay. Tuliimba wimbo wa kitabuni. Tulikuwa wa tano kati ya kwaya sita. Ya sita kinanda chao kilikatika umeme.

Kwaya ya Tobias iliingia bila kinanda kabisa. Wakaimba zaburi, kwa sauti aliyoitunga mwenyewe kati ya Alhamisi na jana. Margareta alianzisha. Kulikuwa na makosa mawili kwenye sauti ya tatu, niliyasikia. Halafu sikusikia makosa tena. Askofu alivua miwani. Wakashinda.

Tobias akapewa kipaza sauti, akanitaja kuwa mwalimu aliyemfundisha nota. Watu wakapiga makofi, wengine wakiniangalia pembeni, maana habari imefika kila mahali. Benadetha alinishika mkono. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Nikaazimia, mbele ya ziwa, kuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumelala nyumba ya wageni, basi la Mbinga ni saa nne. Asubuhi nimejaribu redio ya simu. Huku ufukweni inashika stesheni za Malawi vizuri sana. Kuna kwaya ya huko imeimba, Kichewa kitupu. Sauti tamu ajabu, inapanda pale usipotegemea.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa India. Wahindi ni wengi mno na filamu zao zimefika kila mahali, hadi Lindi. Malawi ni nchi ndogo. Nani wa Mbinga anasikiliza redio ya Malawi?

Penseli ninayo. Mistari miwili ya kwanza imekamilika. Mama mwenye nyumba ya wageni anafagia nje ya dirisha langu, naye anauimba huo huo, maneno yote, hadi kiitikio. Sadfa tu. Mbinga ni mbali.