Fidla ya Pili Yataka Ukurasa Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu,

Leo ni miezi minne na siku mbili tangu uondoke. Nimenunua daftari hili ili niache kuongea na wewe jikoni kwa sauti. Jirani alikuwa ananipa pole kila asubuhi kupitia dirishani, nami namjibu asante huku nimeshika sufuria. Imetosha.

Habari za kundi letu la muziki. Tumepata mpigaji mpya wa fidla kubwa. Kaka yako ndiye aliyemleta. Ni daktari wa meno! Mchana anang'oa, jioni anapiga. Anapiga vizuri, siwezi kudanganya ukurasa wa kwanza wa daftari. Lakini mtu akiongea, yeye anamtazama mdomoni. Bi Kimya wetu wa viola, ile fidla ya sauti nzito kidogo, sasa anaitikia kwa kichwa tu. Bado anafuma lile sweta wakati wa mapumziko. Amefika mkono wa tatu. Sikuuliza.

Daktari amekalia kiti chako. Anatumia nota zako zenye penseli yako. Havui kiatu cha kushoto kama ulivyokuwa ukivua wewe. Mtu wa viatu viwili.

Kaka yako anatuanzisha kama miaka yote kumi na tisa: anavuta hewa puani, fnyuu! nasi tunaanza. Daktari hakujua. Mara ya kwanza alimpa leso. Bi Kimya akamweleza, kwa sentensi yake ya pekee ya wiki hii, kwamba ukisikia pua, anza, usiulize. Ameshika vizuri mno. Kaka yako ana mafua kidogo. Tulianza mara tatu kabla hajakaa.

Onyesho ni Jumamosi. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi atakuwepo. Akipendezwa, ukumbi ni wetu mwaka mzima. Asipopendezwa, wanapewa wapuliza tarumbeta, nasi kila mtu ashike njia yake.

Basi baada ya mazoezi nikamwendea kaka yako. Nikamwambia, shemeji, ile sehemu ya polepole, je, safari hii fidla ya kwanza nikiipiga mimi, nawe ukapiga yangu ya pili? Nilitaka kumweleza ulivyonishika mkono pale wodini, ukasema siku moja niupige mimi ule wimbo wako, mbele za watu. Ule wa sehemu ya polepole, uliokuwa ukiuimba ukiosha vyombo. Nami nikaitikia upesi, kama mtu aliyetumwa chungwa sokoni. Lakini nikaishia kusema ningependa tu kubadilisha hewa.

Alinitazama kama nimemwomba suruali yake. Akasema kila mtu na kiti chake, shemeji, na kama ni hewa, nifungue dirisha.

Sawa. Nimeomba kwa adabu. Sasa ni mipango.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza! Mtu hawezi kushikilia fidla kwa taya linalouma. Kwa hiyo taya la kaka yako lazima liume. Au lionekane linauma. Au daktari aseme lapaswa kuuma.

Nikampigia Daktari wa Meno nikamnong'oneza kwamba shemeji anateseka kimyakimya na ni mtu wa aibu. Akafurahi sana. Akasema aje mara moja, ana nafasi saa nane. Nikamwambia kaka yako kwamba daktari anawapima wanakundi wote bure, ni desturi yake kwa watu anaowaheshimu. Kaka yako hajawahi kulishinda neno "kuheshimu". Saa saba na nusu alikuwa mlangoni pangu, ameoga, tukaenda pamoja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kaka yako aliona mashine ya kutoboa meno, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema nianze mimi, yeye aone. Nikasema hapana, wewe mkubwa. Akasema ndiyo maana, mkubwa anatoa amri. Nikalala kwenye kiti kwa heshima tu. Daktari akachungulia. Akamwita msaidizi. Msaidizi akachungulia, akasema "Eh, mzee!"

Gego langu la kushoto, juu. Limetoka lote.

Kisha akampima kaka yako. Meno thelathini na mawili, yote mazima! Daktari alipiga picha kwa ajili ya ukutani. Kaka yako alitembea njia nzima akitabasamu kwa kila tuliyepishana naye. Mimi nilikuwa nimeuma pamba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Shavu limevimba kama nimeficha yai. Fidla haikai. Nimejaribu upande wa kulia, upinde ukagonga taa. Nimejaribu kuiweka magotini kama ulivyoiweka ya kwako. Ikapotea kwenye koti.

Saa kumi kaka yako akaja na supu kwenye chupa ya chai. Alikaa nami. Alinipulizia kijiko cha kwanza, halafu akakumbuka sisi ni wanaume akaniachia. Akasema ulipokuwa mtoto uling'oa jino lako mwenyewe kwa uzi wa fidla yake, na mpaka leo hajawahi kupata uzi uliokuwa na sauti nzuri kama ule. Tulicheka. Mimi kwa upande mmoja.

Niliona aibu. Nikaazimia kuachana na mipango. Nilidumu hivyo mpaka supu ilipoisha.

Halafu, wakati anavaa kofia, akasema, bila kugeuka, kwamba Jumamosi nisihangaike sana. Fidla ya pili hata ikiumwa, watu hawajui.

Watu hawajui!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango wa pili. Huu hauhusu mwili wa mtu. Huu ni wa karatasi na gundi.

Nota zetu mimi na kaka yako ni vijitabu viwili, ukubwa mmoja, majalada ya kijivu. Chake kimeandikwa Fidla ya Kwanza, changu Fidla ya Pili. Niliazima chake kwa kisingizio cha kushona mgongo uliolegea. Nikabandua majalada. Nikayabadilisha. Nikabandika. Mtu akifungua jalada la kwanza, ndani atakuta nota za pili. Mbele za watu atafanya nini? Ataona aibu, atapiga kilichoandikwa. Nami nitakuwa na za kwanza mbele yangu bila kosa lolote. Mimi nimefungua tu kijitabu changu, mheshimiwa!

Nilitumia gundi ya viatu. Ndiyo iliyokuwepo. Harufu ilinifanya niimbe.

Kabla ya kubandika nilifanya mazoezi bafuni, pamoja na shavu langu. Ule wimbo una kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza sasa naujua kama njia ya kwenda dukani. Nikaacha wa pili kwa ajili ya leo jioni. Lakini jioni nilipofungua, gundi ilikuwa imevuja. Ukurasa wa pili umeshikana na wa tatu kama mapacha walioungana. Nikajaribu kisu. Nikajaribu wembe. Nimeacha. Kesho utajiachia wenyewe ukipata hewa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Haukujiachia.

Mazoezi ya mwisho. Kaka yako akafungua kijitabu chake. Nikaacha kupumua. Akafumba macho, akavuta pua, akapiga fidla ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuangalia chini hata mara moja! Miaka kumi na tisa nimekaa pembeni yake, sikujua kwamba hasomi. Zile karatasi anazifungua kama mtu anavyovaa tai.

Balaa likawa kwangu. Mbele yangu nota za kwanza, kichwani mwangu za pili. Nikasema nitazipiga za pili kwa kichwa. Lakini macho yalifuata karatasi, na mikono ikafuata macho. Tukawa wawili wa fidla ya kwanza. Kaka yako akasimama katikati. Akauliza nani anapiga sehemu yake. Daktari akanitazama mdomoni. Bi Kimya akainua sindano akanielekezea mimi. Wiki nzima haongei, leo anashtaki!

Nikasema ni gego. Kaka yako akaniangalia shavu. Akalainika. Akasema majonzi humchanganya mtu, shemeji, nenda kalale, kesho tazama viatu vyako na upige kama kawaida. Akakifunga kijitabu changu mwenyewe akakiweka kwenye mkoba wangu.

Kwa hiyo majalada yako vilevile. Sikuweza kukiri. Ningeanzia wapi?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu, nitakueleza polepole.

Watu walijaa mpaka safu ya tisa. Mwenyekiti wa kamati alikaa mbele, mikono juu ya tumbo. Sehemu ya kwanza niliipiga nikitazama viatu. Ilikwenda vizuri. Watu wakakohoa, kama wanavyokohoa kati ya sehemu na sehemu. Kaka yako akaweka fidla mapajani, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya koti.

Daktari wa Meno, hapo kando yangu, akafungua ukurasa wa sehemu ya polepole kwenye nota zako. Nikaona mwandiko wako. Sikuwahi kuusoma wa ukurasa ule, maana wewe ulizoea kugeuzia stendi yako upande ule. Umeandika juu kabisa, kwa penseli: "Hapa msubiri mume wangu, huchelewa kidogo."

Miaka kumi na tisa! Nikidhani nafika kwa wakati.

Machozi yakaja. Na machozi yakija, pua nayo inakuja. Leso ilikuwa mfuko wa kushoto, na mkono wa kushoto umeshika fidla. Nikavuta puani. Mara moja tu. Kwa nguvu.

Fnyuu!

Daktari akaanza. Bi Kimya akaanza. Ukisikia pua, anza, usiulize! Zile nota za chini zikaanza kutembea, na juu yake hakuna kitu. Kaka yako ana miwani mkononi na mdomo wazi, meno yote thelathini na mawili. Nafasi ya wimbo imefika, imefunguka kama mlango, na hakuna anayeingia.

Nikaingia.

Sikupanga, naapa. Ukurasa wa kwanza wote. Shavu lilikuwa linauma na sikulisikia. Nilikupigia kama ulivyokuwa ukiimba, ukivuta kidogo pale kwenye mstari wa tatu, ambapo siku zote ulikuwa unageuza sahani. Kaka yako alivaa miwani akatafuta msaada kwenye karatasi, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kundi. Akakuta fidla ya pili. Nikamwona anaisoma. Nikamwona anatoa macho. Kisha akaipiga! Taratibu, kwa unyenyekevu, kama mgeni anayesaidia kufuta meza.

Nikafika mwisho wa ukurasa. Nikageuza. Mapacha! Gundi! Nikageuza tena. Sehemu ya tatu, yenye haraka. Nikainua upinde nikiwa sina pa kwenda. Na kabla kimya hakijafika safu ya pili, kaka yako akafumba macho akaudaka wimbo pale pale ulipoangukia, akaupeleka mpaka mwisho. Nami nikarudi kwenye fidla ya pili, mahali ninapopajua.

Watu walisimama. Nyuma ya jukwaa kaka yako alikusanya vijitabu vyote viwili. Alipakia fidla yake, akaondoka na kofia ya Daktari.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mwenyekiti amepiga simu asubuhi. Amesema amesikiliza makundi mengi, lakini hajawahi kuona fidla mbili zikipokezana wimbo kwa upendo namna ile. Ubunifu mkubwa! Ukumbi ni wetu, mwaka mzima, kwa sharti moja: pale pa kupokezana pasiondolewe.

Saa tisa kaka yako akaja. Akaweka vile vijitabu viwili mezani. Akavinusa. Akauliza ni gundi ya viatu? Nikasema ndiyo. Akauliza na gego je? Nikasema ndiyo. Akakaa. Nikamweleza yote: wodi, mkono wako, ahadi. Akasema mimi ni mjinga, ningesema neno hilo moja tu Jumatatu angeniachia kiti na mto wake. Akasema dada yake hakuwahi kumwomba yeye ampigie chochote. Akajifuta kwa mkono wa shati. Halafu akatamka: ukurasa wa kwanza ni wako, shemeji, kila onyesho. Wa pili ni wangu, na ukiugusa nitakuvunjia upinde.

Tukapeana mikono. Nikaapa kwa jina lako kwamba mipango imekwisha. Nilimaanisha kabisa.

Kisha akaniachia kazi ndogo. Mwenyekiti anataka maelezo mafupi ya kila mpigaji kwa ajili ya bango, nami ndiye mwenye mwandiko. Ya Daktari nimemaliza, ya Bi Kimya ni mstari mmoja. Ya kaka yako yamenoga. Nimesifu sana. Mwishoni nimeongeza sentensi moja, fupi, ya heshima, kwamba mwaka huu ndipo anapowaaga wapenzi wake wa muziki kabla ya kupumzika. Yeye hasomi karatasi, hilo nimeshalijua. Bango likishabandikwa mji mzima, muungwana atarudije nyuma?

Nimekupigia ukurasa mmoja. Ulioomba ni wimbo mzima.

Ukipata nafasi huko uliko, nikumbuke.