Gitaa la Kanisa na Filamu ya Mukuba Faya

Redio ndiyo iliyotuchokoza. Nilikuwa nimeifungua mgongo mezani, kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Wusakile, Kitwe, na nilipounga waya tu ikaropoka: filamu ya maisha ya Mukuba Faya, ile bendi ya roki iliyotikisa Ukanda wa Shaba miaka ya sabini, inaingia mwaka wa sita haijaisha, kisa "uhasama mkubwa" kati ya wanabendi wawili waliobaki hai.

Wanabendi hao wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, wanagawana kitumbua kimoja.

Kapotwe, tunayemwita Waya, ndiye mpiga gitaa, Mbemba. Shawa, tunayemwita Radi, ndiye wa ngoma, Mngoni wa Chipata. Makabila yao ni watani, basi, na tangu niwajue sijamsikia mmoja akimwita mwenzake kwa jina. Huyu Mla-nyani, yule Mla-panya, asubuhi mpaka jioni. Mwaka jana Kapotwe alipolazwa, Shawa alikwenda wodini na futi ya seremala kumpima jeneza, manesi wakamfukuza.

"Uhasama," Shawa akasema, akilamba mafuta vidoleni. "Mla-nyani, tuna uhasama?"

"Mimi sigombani na watu wanaokula panya na mkia wake."

"Mkia ndio mtamu. Ila nyinyi mtajuaje, nyani wenu mnamla mpaka kiganja, mkishikana mkono hamjui upi wenu."

Bana Mwape, mama muuza vitumbua, akawanyamazisha ili Spika aongee. Spika ni karani mstaafu wa mgodi, na hapa kijiweni hakuna jambo linalopita kabla hajalisemea. Akatusimulia upya tunachokijua wote. Binti anayeitwa Mutinta, Mtonga aliyekulia Leeds kwa Wazungu, alikuja na kamera akamuuliza Shawa kuhusu gitaa la kwanza la Kapotwe. Shawa, uso mkavu, akajibu kwamba Mbemba yule aliliiba kanisani siku ya Pasaka, padri akiwa amefumba macho anasali. Binti akaandika. Halafu akapata mahali mkanda wa zamani wa mazishi ya Musonda, mwimbaji wao: Shawa kalala juu ya jeneza, anaigiza marehemu alivyokuwa akibana sauti, anagoma kushuka mpaka wafiwa wamlipe. Sisi ndivyo mtani anavyozika. Leeds wakaona chuki.

Mwanasheria wa wenye filamu akakataa katakata isitoke hivyo. Neno la wizi, akasema, ama lithibitishwe, ama Shawa alifute mbele ya kamera na kuomba radhi. Vinginevyo filamu itabaki kabatini.

"Si uliwaandikia ukawaeleza utani ni nini?" nikamuuliza Spika.

"Kurasa nne. Wakajibu wanaomba nakala ya makubaliano ya utani, yenye sahihi za pande zote mbili."

Bana Mwape akataka kujua kwa nini wasikikate hicho kipande yaishe. Spika akamwambia filamu nzima imejengwa juu yake. Wakikikata watabaki na wazee wawili na ukuta. Tukacheka, tukaanza kubishana nani mzee zaidi, na hapo ndipo Kapotwe aliposema jambo bila utani ndani yake.

"Wajukuu zangu wanajua nilikuwa mtu wa winchi mgodini, basi. Nikiwaambia nilijaza uwanja Ndola, wanacheka kwa adabu. Nina miaka sabini na sita. Nilitaka waione hiyo filamu nikiwa nimekaa nao."

Shawa akavua kofia na kumwomba Spika ampigie yule binti, kwa simu ya video.

Mutinta akatokea kwenye simu amevaa koti zito. Shawa akamwambia yuko tayari, atalifuta lile neno. Binti akafurahi, akasema asubiri kidogo aweke vyombo vyake sawa. Mimi nikaweka bisibisi chini. Utani hauombewi radhi. Ukiuombea radhi umekiri kwamba ulimaanisha, na si la gitaa tu, yote, miaka hamsini yote.

Shawa akasimama, kofia kaishika kwa mikono miwili.

"Ba Kapotwe," akaanza, kwa jina na kwa heshima.

Kapotwe alishtuka kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Ba Kapotwe, mheshimiwa. Nilisema maneno yasiyofaa juu yako. Wewe si mwizi. Mimi..."

"Ishia hapo," Kapotwe akamkata.

"Sijamaliza."

"Ukimaliza, kesho nitakuja hapa kukaa na nani?" Akaichukua simu mkononi mwa Spika. "Binti, alichosema ni kweli. Niliiba. Siku ya Pasaka, padri kafumba macho. Mwambie mwanasheria wako imethibitishwa, mmalize filamu."

Gitaa lile baba yangu ndiye aliyelitengeneza, kwa mbao za masanduku ya baruti, na gundi niliishika mimi. Nilifungua mdomo niseme, Bana Mwape akanikanyaga mguu. Mzee yule alikuwa anatoa jina lake jema, mbele ya wajukuu watakaoiona filamu, ili asiombwe radhi na rafiki yake.

Shawa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. Akampokonya simu.

"Binti, usimsikilize. Mla-nyani huyu hana hata akili ya kuiba. Padri angefumba macho mwaka mzima, huyu bado angetoka na benchi, aende nalo jukwaani, alipige."

"Na wewe ungelifuata na ngoma yako, Mla-panya, hujawahi kujua tofauti," Kapotwe akasema, na nikamsikia akishusha pumzi.

Nyuma ya Mutinta taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, nadhani tangu mwanzo. Binti akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, kisha akauliza polepole:

"Kwa hiyo nyinyi wawili... mnapendana?"

Wazee wakatazamana kwa mshtuko.

"Binti," Kapotwe akasema, "hilo ndilo ulifute."