Hatua Kumi za Tabibu

Tabibu aliliona tangazo kabla halijabandikwa popote. Alikuwa kwenye duka la fotokopi akisubiri kadi zake mpya za biashara, kwa sababu zile za zamani zilikuwa na namba ya simu ambayo watu kadhaa walikuwa wameikariri kwa nia mbaya. Mashine ikatema karatasi ya mama aliyemtangulia: MASOMO YAMESIMAMA MPAKA KOMPYUTA ZIPONE.

Aliisoma mara mbili. Mtu anayeamini kwamba kompyuta hupona huamini pia kwamba hufa, na Tabibu alikuwa mtaalamu wa vifo.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mbumbumbu. Jambo la kusikitisha katika maisha yake ni kwamba kazi aliijua. Alisomea ufundi akafaulu vizuri, akatengeneza kompyuta za watu kwa uaminifu kwa muda wa miezi kumi na minne, kipindi ambacho hadi leo alikisimulia kama mtu anayesimulia ugonjwa wa utotoni. Kisha akagundua kwamba kompyuta iliyopona hulipa mara moja tu, lakini iliyotangazwa kufa hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu, ikafufuliwa chumbani, ikauzwa ikiwa hai. Tangu siku hiyo alivaa koti jeupe, akajiita Tabibu.

Njia yake ya kuua ilikuwa safi, isiyoacha jeraha. Ndani ya kompyuta mna kidhibiti cha diski, kifaa kinachoiunganisha na ghala la mafaili yake, na mna programu ndogo, mafundi huiita draiva, inayoiwezesha kompyuta kuongea na kidhibiti hicho. Ukiifuta draiva inayohusika, diski inabaki nzima, umeme unapita, feni inazunguka, ila kompyuta haioni diski iliyomo tumboni mwake. Inawaka, inatoa skrini ya buluu, inajizima. Kwa asiyejua, hiyo ni maiti.

"Samahani, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayeingia wodini. "Wagonjwa wako wanasumbuliwa na nini?"

Mama alimtazama juu ya miwani iliyofungwa kamba shingoni. "Mwanangu, ningejua ningekuja kuchapisha tangazo?"

"Ziko ngapi?"

"Tisa. Nilizinunua kwenye ofisi moja iliyofungwa. Zinawaka vizuri, zinafanya kazi robo saa, halafu kioo kinageuka buluu, zinajizima."

"Tisa," Tabibu alirudia, na huruma ikamjaa hadi machoni. "Zote za aina moja?"

"Kama mapacha."

"Twende. Kuangalia ni bure," alisema, akampa kadi mpya iliyoandikwa TABIBU.

Chuo cha kupiga chapa kilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la miwani. Meza zilikuwa milango ya zamani iliyowekewa miguu. Herufi za kibodi zilizibwa kwa vipande vya plasta ili wanafunzi wasichungulie. Pembeni palikuwa na stoo isiyofungika mlango, kwa sababu ilijaa skrini tisa za zamani, zile zenye vitambi, ambazo hakuna aliyezitaka na hakuna aliyekubali kuzibeba.

Mama alieleza mengi. Jambo moja hakulieleza: kwamba Alhamisi saa nne asubuhi mkaguzi wa vyuo angekuja, na akikuta kompyuta zinazofanya kazi hazifiki nane, kibali kingefutwa na wanafunzi thelathini na mmoja wangekosa mtihani waliousubiri mwaka mzima. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Hakulieleza kwa sababu hakuulizwa, na kwa mazoea yake alijibu alichoulizwa tu.

Tabibu alifungua mashine ya kwanza, akachungulia ndani, na dakika ya pili akajua. Ofisi ya zamani ilikuwa imeongeza kadi ya pili ya kudhibiti diski. Kabla ya kuuza, waling'oa kadi lakini wakaacha draiva yake, nayo iliendelea kuitafuta kadi isiyokuwepo hadi mfumo mzima ukachanganyikiwa. Ilikuwa kazi ya nusu saa kwa kila mashine. Fundi mwaminifu angefurahi. Tabibu pia alifurahi.

Mpango wake ulikuwa na adabu. Mashine ya kwanza ataiponya kweli, mbele ya mama, apate kuaminiwa. Ya pili ataiua. Kisha atatangaza mlipuko wa ugonjwa.

"Mama, hii naiweza. Ila ni kazi nyeti. Ukiondoa draiva ya kidhibiti kisicho chenyewe, umeua."

"Basi niambie unavyofanya, mwanangu. Kichwa changu siku hizi kinavuja. Wewe sema, mimi nichape."

Mama aliwasha kompyuta ya mwisho, akijua ana robo saa kabla haijajizima, akaweka flashi yake ili ahifadhi kila mstari, akakaa mgongo wima. Tabibu alitabasamu. Hakuna aliyewahi kutaka kuandika maneno yake, isipokuwa polisi mara moja, na wale waliandika kwa mkono.

Kumbe elimu iliyofungiwa muda mrefu ikipata tundu hutoka kwa kishindo. Alisema vizuri kuliko walimu wake. Kwanza, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kwa sababu fundi anayesema hakuna haja ni mwongo. Pili, tengeneza nukta ya kurejesha, yaani picha ya mfumo ulivyo sasa, ili ukiharibu uweze kurudi nyuma. Tatu, jua diski yenye mfumo imechomekwa kwenye kidhibiti kipi, na uandike jina lake kwenye karatasi, si kichwani. Nne, weka draiva sahihi ya kidhibiti hicho kwenye flashi, akiba. Tano, washa kwa hali salama, yaani kwa programu za lazima tu.

"Sita, fungua orodha ya vifaa, uamuru ionyeshe na vilivyofichwa. Unaona hiki, mama? Rangi yake imefifia. Maana yake kifaa hakipo, limebaki jina. Hiki kilichokolea ndicho kinachobeba diski."

"Kilichofifia ni mzimu, kilichokolea ni mzima."

"Umeniwahi. Saba, ondoa mzimu peke yake. Nane, kile kisanduku kinachouliza kama ufute na programu yake, usikitie alama mpaka ulinganishe jina na lile la kwenye karatasi. Mzima usimguse kabisa. Tisa, zima, washa, mikono mfukoni. Kumi, ikigoma kuwaka, usilie. Fungua menyu ya ukarabati wakati wa kuwaka, chagua nukta ya kurejesha, subiri."

Mashine ya kwanza iliwaka. Robo saa ikapita, kisha nusu. Mama akapiga kofi dogo la heshima.

"Mungu akupe maisha marefu."

"Amina, mama. Naomba nipige simu nje kidogo."

Alitoka kwenye ngazi kumpigia mwenye pikapu. Ilikuwa mapema mno kukodi gari la kubebea maiti ambazo hazijafa, lakini Tabibu alikuwa na imani.

Hapa pana jambo ambalo angeuliza kama asingekuwa na haraka. Kabla ya kufungua chuo, mama alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka ishirini na sita. Kuhusu draiva hakujua lolote. Kuhusu watu wanaosema "kuangalia ni bure" alikuwa amechapa maelfu ya kurasa. Kwa hiyo fundi alipokuwa kwenye ngazi, yeye alichomeka flashi yake kwenye mashine iliyopona ili azisome hatua, akaenda kwenye mashine ya pili, akaichomeka diski ya nje akanakili mafaili, halafu akatengeneza nukta ya kurejesha. Simu ilikuwa ndefu, kwani mwenye pikapu alitaka malipo kwanza. Mama akamaliza akarudi kitini.

Tabibu aliingia, akaketi mbele ya mashine ya pili, akaruka hatua zote tano za mwanzo. Mama alimtazama vidole. Mshale ukapita kwenye jina lililofifia bila kusimama, ukatua kwenye lililokolea. Kisanduku kikatiwa alama. Zima, washa, buluu.

"Inna lillahi," alisema Tabibu, akavua miwani ambayo haikuwa na lenzi za maana.

"Imekuwaje?"

"Hii imeshakufa, mama. Ubao mkuu wa ndani umeungua. Na kama ni mapacha, hizi nyingine zina siku mbili, tatu. Nisingependa kukuficha."

"Usinifiche, mwanangu."

"Mimi nakuhurumia. Zote tisa nitazichukua kwa bei ya chuma. Hata ile iliyopona, maana itafuata wenzake."

Mama alishusha miwani yake kama mfiwa. "Sawa. Lakini kesho nina msiba wa jirani. Njoo Alhamisi, saa nne na robo. Uje na gari."

"Gari lipo," alisema Tabibu, na ndilo neno pekee la kweli alilosema tangu kifo kitokee.

Jumatano mama hakwenda kwenye msiba wowote. Alikaa na hatua kumi. Mashine ya pili aliirudisha kwa hatua ya kumi, ikachukua dakika arobaini, naye hakulia. Kisha akaiondoa mizimu kwenye zote nane, moja baada ya nyingine, jina la kila kidhibiti likiwa kwenye karatasi yake. Saa kumi jioni zote tisa zilikuwa zinanguruma taratibu kama paka walioshiba.

Alhamisi saa nne na robo Tabibu alipanda ngazi akiwa na koti jeupe na kamba mbili za kufungia mizigo. Chumba kilikuwa kimejaa wanafunzi, na vidole vyao vilisikika kama mvua juu ya bati. Katikati alisimama mwanamume mwenye faili na muhuri.

"Karibu, fundi," alisema mama. "Mheshimiwa mkaguzi, huyu ndiye niliyekueleza habari zake. Kazi yote hii ni maarifa yake, na hakutoza hata senti."

Mkaguzi alimpa mkono kwa nguvu. "Nadra sana siku hizi. Somo lako nimeliona. Vyeti vyako ningependa kuviona pia, kwa kumbukumbu. Hizo kamba za nini?"

Tabibu alizirudisha kamba nyuma ya koti kwa mkono uliobaki.

"Amekuja kutusaidia kuondoa zile skrini za stooni," mama alisema. "Amekodi gari kwa pesa yake mwenyewe. Si ndiyo, mwanangu?"

Mkaguzi alikuwa bado amemshika mkono. Chini, mwenye pikapu alipiga honi.

"Ndiyo, mama," alisema Tabibu.

Alizibeba mwenyewe, moja moja, kila moja na uzito wa mbuzi, safari tisa za kushuka na nane za kupanda. Alitoa jasho kwenye koti jeupe na alishukuriwa na kila mwanafunzi aliyempisha. Aliporudi kuchukua kamba zake, mkaguzi alikuwa ameshagonga muhuri na alikuwa amesimama mbele ya karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani.

"Fundi, nimekusubiri. Hebu tusomee hii ya mwisho. Nadhani ndiyo muhimu kuliko zote."

Tabibu aliitazama karatasi. Juu palikuwa na jina lake la kazi, limechapwa bila kosa. Chini yake hatua zake, neno kwa neno. Alizihesabu kwa macho. Alisema kumi. Zilikuwa kumi na moja.

Darasa likaacha kuchapa ili lisikie vizuri.

"Kumi na moja," alisoma Tabibu. "Fundi akiruka hatua ya kwanza hadi ya tano, mtazame vidole, na umtafutie kitu kizito cha kubeba."

"Ni kweli kabisa," alisema mkaguzi, akiandika.